Gharama za Ziada za Msamaria: Huduma ya Afya kwa Waokoaji na Wakazi wa New York baada ya Septemba 11

Katika mfano wa Msamaria Mwema (Lk 10:25-37), wengi wetu tunakumbuka mafuta, divai na mnyama aliyembeba majeruhi. Ni rahisi kusahau yaliyotokea kesho yake. Msamaria alitoa dinari mbili, akamkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni, kisha akaahidi kwamba gharama yoyote itakayozidi atailipa atakaporudi. Alijua kwamba jeraha haliponi kwa siku moja, na kwamba huruma ya barabarani isiyo na mpango wa kesho humwacha mgonjwa njiani.

Makala hii inaeleza namna taifa moja lilivyojifunza jambo hilo, tena kwa kuchelewa. Ni habari ya Mpango wa Afya wa World Trade Center, yaani huduma ya uchunguzi na matibabu inayogharamiwa na serikali ya Marekani kwa ajili ya waokoaji, wafanyakazi na wakazi walioathirika kiafya kutokana na mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001. Mwishoni tutatazama pia majeraha ya Nairobi na Dar es Salaam ya mwaka 1998, kwa kuwa mtandao uliowashambulia watu wa New York ulikuwa umekwisha kutushambulia sisi miaka mitatu kabla.

Vumbi lililobaki

Watu 2,977 waliuawa siku ile katika New York, katika makao makuu ya Wizara ya Ulinzi na katika uwanja wa Shanksville, Pennsylvania. Kati yao walikuwamo watumishi 343 wa Kikosi cha Zimamoto cha Jiji la New York. Mmoja wa hao alikuwa Padre Mychal Judge, Mfransisko, padre mlezi wa kikosi hicho, aliyefariki akiwa katika ukumbi wa chini wa mnara wa kaskazini huku akisali na kuwahudumia watu. Wazima moto waliubeba mwili wake hadi Kanisa la Mtakatifu Petro lililo jirani, parokia kongwe kuliko zote za Kikatoliki katika jimbo la New York, wakaulaza mbele ya altare. Katika orodha rasmi ya marehemu wa siku ile, yeye ndiye namba 0001.

Hata hivyo, minara ilipoanguka haikuua tu wale waliokuwa ndani yake. Saruji, vioo, jasi, asbesto, madini ya risasi, plastiki na samani za maelfu ya ofisi vilisagika vikawa vumbi lililofunika kusini mwa kisiwa cha Manhattan na kuvuka mto hadi Brooklyn. Vumbi hilo lilikuwa kali kwa asili yake, kwa sababu saruji iliyosagika huunguza macho, koo na mapafu. Chini ya kifusi moto uliendelea kuwaka hadi mwezi Desemba, na kazi ya kuondoa kifusi ilikamilika mwishoni mwa mwezi Mei 2002. Kwa muda wote huo, wazima moto, polisi, wahudumu wa magari ya wagonjwa, mafundi wa chuma, madereva wa malori na watu wa kujitolea walifanya kazi mahali pale, wengi wao bila vifaa vya kufaa vya kuvutia hewa safi.

Tarehe 18 Septemba 2001, wiki moja baada ya shambulio, mkuu wa Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani alitangaza kwamba hewa ilikuwa salama kuvuta. Mwaka 2003 mkaguzi mkuu wa wakala huohuo aliripoti kwamba wakati tamko lile linatolewa, hapakuwa na takwimu za kutosha za kulithibitisha. Katikati ya tarehe hizo mbili watu walikuwa wamerudi kazini na nyumbani. Wanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Stuyvesant, iliyo umbali mfupi kutoka kwenye kifusi, walirejea madarasani tarehe 9 Oktoba 2001, wakati kifusi kikiendelea kupakiwa kwenye majahazi karibu na shule yao. Katika ofisi na nyumba za jirani, wafanyakazi wa usafi, wengi wao wahamiaji kutoka Amerika ya Kusini na Poland, walifuta vumbi lile kwa matambaa na ndoo.

Kutoka sifa hadi sheria

Waokoaji walisifiwa mno. Walipigiwa makofi barabarani na kuitwa mashujaa. Lakini walipoanza kukohoa, wengi walijikuta peke yao. Mwaka 2002 madaktari wa Kikosi cha Zimamoto walichapisha taarifa ya kitabibu kuhusu kikohozi walichokipa jina la World Trade Center. Walikuwa na jambo moja la manufaa makubwa: kikosi kilikuwa kimetunza vipimo vya mapafu vya askari wake tangu kabla ya shambulio, kwa hiyo iliwezekana kulinganisha pumzi ya mtu kabla na baada. Aliyekuwa na kumbukumbu alisikilizwa mapema. Msafishaji wa ofisi asiye na cheti chochote alingoja.

Katika miaka ya mwanzo serikali kuu ilitoa fedha za kuwachunguza waokoaji bila fedha za kuwatibu. Mtu aliambiwa kwamba mapafu yake yamedhoofika, kisha akaachwa atafute dawa mwenyewe. Hospitali, vyama vya wafanyakazi, mashirika ya hisani na vikundi vya wakazi ndivyo vilivyoziba pengo hilo. Fedha za serikali kuu kwa ajili ya matibabu ya waokoaji zilifuata baadaye, zikitolewa kwa muda mfupimfupi, na wakazi wa kawaida walisubiri zaidi.

Tarehe 5 Januari 2006 alifariki James Zadroga, mpelelezi wa polisi ya New York, akiwa na umri wa miaka 34. Madaktari walitofautiana kuhusu chanzo cha kifo chake, lakini jina lake likawa jina la madai ya wagonjwa wote. Muswada wa sheria uliobeba jina hilo ulishindwa katika Baraza la Wawakilishi mwezi Julai 2010 kwa kukosa theluthi mbili za kura zilizotakiwa, ukapita mwezi Septemba, ukakubaliwa na Baraza la Seneti tarehe 22 Desemba, na Rais Barack Obama akautia saini tarehe 2 Januari 2011. Mpango ulianza kazi mwezi Julai mwaka huo, karibu miaka kumi baada ya minara kuanguka.

Sheria hiyo ya kwanza ilikuwa na kikomo cha miaka mitano. Muda ulipokwisha mwaka 2015, wagonjwa walirudi Washington, wengine wakiwa na mitungi ya oksijeni, kuomba upya. Mwezi Desemba 2015 Bunge liliurefusha mpango hadi mwaka 2090. Mwaka huo ulichaguliwa kwa maana: mtoto aliyezaliwa mwaka wa shambulio atakuwa na umri wa karibu miaka 89. Kwa maneno mengine, Bunge lilikubali kwamba deni hili hudumu kadiri ya uhai wa wanaodai.

Nani anahudumiwa

Mpango unasimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini, iliyo chini ya Wizara ya Afya ya Marekani. Umeandikisha watu zaidi ya 120,000, nao wamegawanyika katika makundi makuu mawili.

Kundi la kwanza ni waokoaji na wafanyakazi: wazima moto, polisi, wahudumu wa dharura, wafanyakazi wa ujenzi na usafi, na watu wa kujitolea waliohudumu New York, pamoja na wale waliohudumu katika Wizara ya Ulinzi na Shanksville. Kwa mwokoaji wa New York asiye wa Kikosi cha Zimamoto, moja ya vigezo ni kuwa alifanya kazi mahali pa tukio kwa saa zisizopungua 4 kati ya tarehe 11 na 14 Septemba 2001. Aliyefika baadaye anatakiwa kuonyesha saa nyingi zaidi.

Kundi la pili ni waathirika, yaani watu ambao hawakwenda kuokoa bali walikuwapo: waliofunikwa na wingu la vumbi siku ile, waliokaa, waliofanya kazi, waliosoma au waliolelewa katika eneo la maafa. Sheria imelitaja eneo hilo kuwa Manhattan yote iliyo kusini mwa barabara ya Houston, pamoja na sehemu ya Brooklyn iliyo ndani ya maili moja na nusu kutoka minara ilipokuwa. Mwanafunzi wa wakati ule, karani wa benki, mwuza magazeti na bibi aliyeishi ghorofa ya tatu, wote wanaweza kuwa na haki hiyo.

Uraia wa Marekani si sharti. Msafishaji mhamiaji aliyepangusa vumbi anaweza kuhudumiwa kama askari aliyepewa nishani. Pia hakuna tarehe ya mwisho ya kuomba, mradi nafasi zilizowekwa kisheria hazijajaa. Ambaye amekaa mbali kwa miaka ishirini akidhani kwamba kikohozi chake ni cha uzee bado anaweza kujiandikisha. Na aliyehamia jimbo jingine la Marekani huhudumiwa na mtandao wa madaktari wa nchi nzima, bila kulazimika kurudi New York.

Magonjwa na uthibitisho

Kuandikishwa ni hatua ya kwanza tu. Hatua ya pili ni kuthibitishiwa ugonjwa. Daktari wa mpango humpima mtu na kuamua kama kuna uwezekano mkubwa kwamba vumbi, moshi au tukio lenyewe lilichangia, lilisababisha au lilizidisha ugonjwa wake. Maoni hayo hupelekwa kwa msimamizi wa mpango ili athibitishe. Mtu akikataliwa, ana haki ya kukata rufaa.

Orodha ya magonjwa ina mafungu kadhaa. Lipo fungu la njia ya hewa na chakula: pumu, ugonjwa sugu wa mapafu, uvimbe wa muda mrefu wa mianzi ya pua, na asidi ya tumbo kurudi kooni. Lipo fungu la majeraha ya roho na akili: kiwewe kinachodumu, sonona na hofu isiyotulia. Yapo majeraha ya mwili yaliyopatikana mahali pale, na kwa waokoaji, maumivu ya mgongo na viungo. Mwisho ni saratani.

Saratani haikuwamo katika orodha ya mwanzo. Mwaka 2011 utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet ulionyesha kwamba wazima moto waliokuwa mahali pa tukio walipata saratani zaidi kuliko wenzao ambao hawakuwapo. Baada ya ushauri wa kamati ya wanasayansi, aina nyingi za saratani ziliingizwa mwezi Oktoba 2012. Saratani ya mji wa mimba iliongezwa mwezi Januari 2023. Wanawake walikuwa wachache miongoni mwa waokoaji waliofanyiwa utafiti, na penye wachache utafiti huchelewa kuona.

Kanuni za mpango zinataja pia muda wa chini unaopaswa kupita kati ya kuvuta vumbi na kuonekana kwa saratani: kwa uvimbe mwingi wa saratani ni miaka 4, na kwa saratani ya utando wa mapafu inayoletwa na asbesto ni miaka 11. Hapo ndipo ulipo ugumu wa maafa ya namna hii. Ugonjwa hufika wakati kamera zimeondoka, viongozi wamebadilika na jamii inadhani imekwisha kulipa. Mwezi Septemba 2023 Kikosi cha Zimamoto kilitangaza kwamba idadi ya watumishi wake waliokufa kwa magonjwa yatokanayo na kazi ile imefikia 343, sawasawa na waliokufa siku yenyewe. Tangu hapo idadi hiyo imepita.

Nani analipa

Mwokoaji halipi chochote kwa matibabu ya ugonjwa uliothibitishwa. Kwa mwathirika, bima yake hulipa kwanza na mpango hulipa kinachobaki, ili naye asitoe fedha mfukoni. Gharama hubebwa na serikali kuu, na Jiji la New York huchangia asilimia 10.

Ni vema kutofautisha mpango huu na Mfuko wa Fidia kwa Waathirika. Mpango wa afya humtibu mtu. Mfuko humlipa mtu au familia yake kwa hasara waliyoipata. Mfuko ulirudishwa kwa sheria ileile ya mwaka 2011, lakini fedha zake zilianza kupungua kiasi cha kupunguza malipo ya wagonjwa. Tarehe 11 Juni 2019 mpelelezi mstaafu wa polisi Luis Alvarez, akiwa amedhoofishwa na saratani, alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge akiwaombea wenzake. Alifariki tarehe 29 ya mwezi huohuo. Tarehe 29 Julai 2019 sheria ya kuudumisha mfuko hadi mwaka 2090 ilitiwa saini, ikibeba jina lake pamoja na majina ya Zadroga na Ray Pfeifer, mzima moto aliyefariki mwaka 2017.

Mpango wa afya nao umewahi kukabiliwa na upungufu, kwa sababu wagonjwa na gharama za tiba ya saratani viliongezeka haraka kuliko fedha zilizopangwa mwaka 2015. Mwezi Desemba 2022 Bunge lililazimika kuongeza dola bilioni 1. Kuandika mwaka 2090 katika sheria kumbe hakutoshi. Ni lazima kila kizazi cha wabunge kikubali kutoa fedha.

Kanisa linafundisha nini

Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliitaja huduma ya tiba miongoni mwa haki zinazotokana na utu wa binadamu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2288) inafundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, na kwamba jamii ina wajibu wa kuwasaidia raia wapate mazingira ya maisha yanayolinda afya, matibabu yakiwemo. Kwa hiyo mgonjwa anayedai tiba baada ya kuwatumikia wengine haombi upendeleo. Anadai kilicho haki yake.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Fratelli Tutti wa mwaka 2020, alitazama mfano wa Msamaria kwa jicho hilohilo: hata mtu yule mwema alihitaji nyumba ya wageni, kwa kuwa peke yake asingeweza kutoa huduma yote iliyotakiwa. Upendo wa mtu mmoja unahitaji taasisi, na taasisi inahitaji sheria na fedha. Vilevile kanuni auni inatufundisha kwamba ngazi ya juu isimeze ngazi ya chini, bali iisaidie pale inapozidiwa. New York ilipitia njia hiyo. Parokia, hospitali, vyama vya wafanyakazi na majirani walitangulia. Mzigo ulipowazidi, taifa lilipaswa kuubeba, nalo lilichelewa.

Baba Mtakatifu Benedikto XVI aliposali mahali pale tarehe 20 Aprili 2008, aliwaombea marehemu, na pia aliwataja wale wanaoumwa kwa sababu ya kuwapo kwao siku ile. Wakati huo sheria ilikuwa bado haijapatikana. Sala ya Kanisa iliwatambua wagonjwa kabla serikali haijawapa haki yao kwa ukamilifu.

Nairobi na Dar es Salaam

Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu ya Al-Qaida yalilipua balozi za Marekani katika Nairobi na Dar es Salaam. Watu zaidi ya 200 walikufa Nairobi na 11 Dar es Salaam, maelfu walijeruhiwa. Wengi wa majeruhi wa Nairobi walikuwa Wakenya wa kawaida: wapita njia, abiria wa mabasi, makarani waliosogea dirishani baada ya kusikia mlipuko wa kwanza, kisha vioo vikawapiga usoni na machoni. Nao pia walipata waokoaji wao, watu waliochimba kwa mikono katika kifusi cha Jengo la Ufundi.

Marekani ilitoa msaada wa matibabu kwa majeruhi hao kupitia shirika lake la maendeleo, na tunashukuru kwa hilo. Lakini ulikuwa msaada wa mradi, wenye bajeti na tarehe ya kufungwa. Haukuwa haki iliyoandikwa katika sheria hadi mwisho wa maisha ya mgonjwa. Jicho lililopofuka mwaka 1998 halikufunguka mradi ulipofungwa. Ndiyo maana manusura wameendelea kudai mwaka hadi mwaka.

Hatusemi haya kwa wivu dhidi ya wazima moto wa New York, ambao nao walipigania haki yao wakiwa vitandani. Tunasema kwamba jirani ni jirani, na kwamba kipimo kilichokubaliwa kwa mmoja kinatufundisha kile anachostahili mwingine.

Wajibu wetu parokiani

Maafa hayajatuacha: mafuriko, maporomoko ya udongo, ajali za barabarani na za majini. Kila mara waamini huwa wa kwanza kufika na chakula, blanketi na damu ya kuchangia. Historia hii inatuomba mambo matatu zaidi.

Kwanza, tuandike. Jumuiya ndogondogo zinaweza kutunza orodha ya walioumia na waliookoa, tarehe, mahali na vyeti vya hospitali. Kumbukumbu za mapafu ziliwasaidia wazima moto. Daftari la jumuiya laweza kumsaidia mjane miaka kumi baadaye.

Pili, tuwatembelee wagonjwa hata baada ya msiba kupita. Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, Komunyo Takatifu nyumbani na mazungumzo ya utulivu ni tiba kwa walio na kiwewe kisichoonekana.

Tatu, waamini walei walio katika mabaraza, mabunge na ofisi za umma wadai kwamba bajeti ya maafa isiishie kwenye mazishi na mahema, bali iwe na fungu la matibabu ya miaka ijayo.

Msamaria alisema atarudi. Mwenye nyumba ya wageni alimwamini, akampokea mgonjwa. Tuwaombee waliofariki kwa vumbi la New York na kwa vioo vya Nairobi na Dar es Salaam wapumzike kwa amani, na tuwaombee walio hai wasichoke kungoja yule aliyeahidi kulipa.